Mtungi wa Maji na Insha ya Historia

Katika vyuo vya Mtwara, kama ilivyo kwingineko nchini, mwanachuo anayepewa insha juu ya maradhi, rangi za watu na jamii huelekea kushika mojawapo ya njia mbili. Ama hunakili yale yaliyomo katika ripoti za kikoloni, kwamba Waafrika waliugua kwa sababu ya uchafu na ujinga wao. Au huyapindua maneno hayo juu chini na kuandika kwamba kila ugonjwa uliletwa na mkoloni. Insha ya kwanza ni ya aibu na ya pili inaburudisha zaidi, lakini zote mbili zina kasoro moja: hazielezi ugonjwa ulienea namna gani. Mtu aweza kuzisoma toka mwanzo hadi mwisho asikutane na mbu hata mmoja.

Kasoro hii yasikitisha hasa Mtwara, maana mfano ulio bora uko jirani. Mwaka 1952 ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ugonjwa wa homa kali ya ghafla ulioandamana na maumivu ya viungo, hata mgonjwa akashindwa kunyooka. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye asili katika kitenzi cha maana ya kupindika au kukunjamana. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuchunguza, na taarifa zao zikachapishwa mwaka 1955; kirusi chenyewe kilikuwa kimekwisha patikana mwaka 1953 katika damu ya mgonjwa, na R.W. Ross wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe akakieleza mwaka 1956. (Waandishi wengi wa nje wamedai kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Silo, na Mmakonde ana haki ya kudai chake.)

Udongo wa uwanda huo ni wa kichanga, nao huyanywa maji ya mvua yasibaki juu. Maji yalipatikana katika chemchemi zilizo chini ya miteremko, na wanawake waliyateka huko na kuyapandisha kwa kichwa mwendo mrefu. Maji yaliyopatikana kwa taabu kiasi hicho hayamwagwi. Yaliwekwa katika mitungi ndani ya nyumba, na mbu aitwaye Aedes aegypti, ambaye hutaga mayai katika vyombo vya maji yaliyotulia na kuuma wakati wa mchana, akapata makao hatua chache kutoka kitandani. Ikumbukwe kwamba maji hayo hayakuwa machafu. Yalikuwa ni maji ya kunywa, yaliyotunzwa kwa uangalifu. Hoja ya uchafu yaanguka hapo hapo.

Hapana budi basi mwanahistoria aulize swali la pili: kwa nini watu wakae mbali na maji ilhali bonde la Ruvuma liko chini yao? Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, ameacha maandishi juu ya masimulizi ya asili ya Wamakonde. Wazazi wa kwanza walikaa karibu na mto, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahama, na wa pili akazaliwa mfu. Walipopanda uwandani penye vichaka ndipo wa tatu akaishi. Mwenye dharau ataiita hiyo ngano. Anayeijua malaria ya mabondeni ataona ni elimu ya afya iliyohifadhiwa kwa kusimuliwa. Aidha vichaka viliwaficha watu wasionwe na wavamizi wa karne ya 19, wakati misafara ya watumwa ilipoteremkia Kilwa na Mikindani. Waliomkimbia mbu wa bondeni walimpa hifadhi mbu wa mtungini, na hakuna katika hayo jambo la kumwonea mtu haya.

Na rangi je? Rangi imo zaidi katika madaftari. Serikali ya Kiingereza iliwahesabu watu wa Tanganyika, na kuwapangia hospitali na mitaa, kwa mafungu ya Wazungu, Waasia na Waafrika. Mwanachuo akinakili jedwali la namna hiyo hudhani amegundua sababu ya ugonjwa, kumbe amegundua desturi ya karani. Kirusi hakikuyajua mafungu hayo. Baada ya mlipuko wa Lamu na Mombasa mwaka 2004 kilivuka hadi Komoro, na katika kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006 kiliwapata yapata theluthi moja ya wakazi, ambao asili zao ni Afrika, Ulaya, India na China. Mwaka 2007 kilienea katika vijiji vya Italia. Hata pale ambapo urithi wa damu wahusika kweli, kama katika selimundu, Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi wa Afrika ya Mashariki, kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Nayo imo Ugiriki, Uarabuni na India vile vile. Inafuata malaria, haifuati rangi.

Hii si kusema ubaguzi haukuhusika. Ulihusika, lakini utafutwe penye fedha. Mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, ambao kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, uliilaza serikali ya Uingereza hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Mwaka uliofuata kuvunjika kwake mwanamke wa Newala alikuwa bado anapanda mteremko na mtungi kichwani. Insha inayoyaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja imekwisha jibu zaidi ya nusu ya swali.

Nusu iliyobaki haimo katika maktaba. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1952 sasa amepita miaka 80. Huenda anakumbuka ni nani aliyeanza kuugua nyumbani, maji yalikaa siku ngapi, na mganga gani aliitwa. Kutoka Mtwara basi hupita Tandahimba na kufika Newala siku hiyo hiyo.