Kabla ya Kusema Sumu, Uliza Karanga



Mtoto amekula bukari na sombe kwa jirani. Hata mikono hajanawa, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka ya kuwasha, anatapika, anakohoa. Watu wanasema mara moja: amelishwa sumu! Mmoja anakimbilia chupa ya mafuta ya mawese amnyweshe, mwingine anamkazia macho yule aliyepika. Mimi nasema, kwanza ulizeni kilichotiwa ndani ya sombe. Mara nyingi ni karanga za kutwanga, na aliyezitia alitaka kuwapendeza wageni tu.

Kuna watoto ambao mwili wao unapigana na chakula kizuri kama na adui. Karanga, mayai, maziwa, samaki, soya na ngano vinajulikana sana kwa jambo hili. Dalili huja katika dakika chache, pengine mpaka saa mbili. Moto wa jikoni hauondoi hatari ya karanga, wala msijaribu kumzoesha mtoto nyumbani kwa kumpa kidogo kidogo. Mama anaweza kuacha karanga kabisa na bado ajali ikatokea: kinu kilekile, mwiko mmoja kwa sufuria mbili, mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu kingine.

Wazazi wengine wanaficha kwa haya. Haya hiyo siikubali. Mwambie jirani, mwalimu, shangazi, na hasa ndugu zake wanaokula naye sahani moja. Na wewe baba, unayerudi kutoka zamu ya usiku na biskuti mfukoni, jambo hili si la mama peke yake.

Pumzi ikimkwama, sauti ikikauka au akilegea, usimtembeze. Mlaze, uinue miguu yake. Akipumua kwa shida, mwache akae. Mafuta na maziwa yasiingie kinywani. Tafuteni gari upesi, na mkifika semeni alikula nini na saa ngapi. Dawa yenyewe ni adrenalini, sindano ya paja. Vidonge vya kutuliza kuwasha havishiki nafasi yake. Akipata nafuu msidai kurudi nyumbani haraka, maana shida inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Lakini msiponyeshe kosa moja kwa kosa lingine. Nasikia mama anayewanyima watoto wake wote karanga kwa sababu mtoto wa jirani alivimba. Karanga inajenga mwili, na kwetu kwashiorkor tunaijua. Uchunguzi wa London uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye hatari ya ugonjwa huu, waliolishwa karanga laini mapema, waliupata kwa uchache kuliko walionyimwa. Hao walipimwa kwanza na waganga.

Basi ukishuku chakula fulani, mlete mtoto kwetu kabla ya kukiondoa, tutazungumza kitu gani kitashika nafasi yake: maharagwe, ndakala, mayai, kama hivyo anavila bila shida.