Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Wapo wasemao kwamba maradhi ya akili ni kazi ya madaktari bingwa peke yao, na kwamba kumpeleka mgonjwa kwa muuguzi ni kumdharau. Hoja hii imevaa vazi la heshima, lakini tunda lake ni mgonjwa kukaa nyumbani bila tiba. Naipinga.

Wanafunzi wangu, tazameni ramani. Hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini Zambia, Chainama Hills, iko Lusaka, kilomita 1,000 hivi kutoka Nchelenge. Mgonjwa anayehitaji sindano kila mwezi atasafiri mara 12 kwa mwaka? Mvuvi wa Kashikishi hana nauli hiyo, sembuse mkaazi wa kisiwa cha Kilwa, ambaye safari yake huanzia majini. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Muuguzi aliyesomea afya ya akili husikiliza, huchunguza hali ya mgonjwa, husimamia matumizi ya dawa, huwaelekeza jamaa, na humpeleka kwa daktari yule ambaye hali yake imemzidi. Zaidi ya yote, mwezi ujao atakuwepo palepale. Wanaodai kwamba asiye daktari hawezi kutibu huzuni iliyokithiri na watazame Zimbabwe. Huko, tangu mwaka 2006, akina bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Ikiwa bibi aliyefunzwa anaweza, muuguzi mwenye cheti atashindwaje?

Lakini ukaribu si wa barabara tu. Ni wa lugha pia. Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani humu, yalifunguliwa mwaka 2018 kuwapokea waliokimbia vita Kongo, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Kifua hupimwa kwa chombo. Akili hupimwa kwa maneno. Mtu akisema “moyo wangu umevunjika” na mkalimani akatafsiri neno kwa neno, atapimwa mapigo ya moyo na kurudishwa nyumbani na msiba wake. Na mkalimani akiwa ni mwanawe mwenyewe, mama atayasemaje aliyotendewa vitani? Atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa ni afya njema.

Basi tuanze na ndimi zetu. “Kichaa” na “mwendawazimu” ni maneno ya kumfukuza mtu. “Mgonjwa wa akili” ni maneno ya kumwita aje atibiwe. Anayeitwa kwa tusi hatakwenda kwa muuguzi, hata akiwa jirani.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2019 iliifuta ile ya enzi za ukoloni na kumtambua mgonjwa kuwa mtu mwenye haki. Ni jambo jema, ila sheria haichomi sindano. Diwani na mbunge wakija kuomba kura, waulizeni: vituo vyetu vya afya vina wauguzi wangapi waliosomea afya ya akili, na wangapi kati yao wanajua Kiswahili? Wakijibu kwamba Lusaka kuna hospitali, waambieni kwamba nyoka yuko hapa.