Nani Kawapa Mkasi?

Mwezi uliopita nililipia kutazama filamu ambayo sijui nimeiona mara ngapi: Pather Panchali ya mwongozaji wa India Satyajit Ray, ya mwaka 1955. Huduma iliyoiweka mtandaoni iliitangaza kuwa ni nakala iliyokarabatiwa, safi, ya 4K. Na kweli ilikuwa safi. Nyasi unaziona jani kwa jani. Ilipofika pale muuza peremende anapokatiza kijijini, nikasimamisha picha, nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Waliomo bwawani hawakuwa na vichwa.

Anayeijua filamu hii analijua bwawa hilo. Muuza peremende ametangulia na mzega begani. Durga na mdogo wake Apu wanamfuata. Hela ya kununua hawana, lakini wanamfuata vivyo hivyo, na nyuma yao kuna mbwa. Wote wanne wanapita kando ya maji, na maji yanawaonyesha miguu juu, vichwa chini. Umaskini wa nyumba ile, uchu wa utoto, raha ya kufuata tu kitu kitamu, vyote vimo katika picha hiyo moja. Aliyeikata kwa chini ameikata mahali penyewe.

Chanzo ni umbo la kioo. Ray alipiga filamu hii kwa umbo la zamani linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Runinga za siku hizi ni pana, 16 kwa 9. Ukiiweka picha yake kama ilivyo, pande mbili za kioo hubaki nyeusi. Wauzaji hawautaki weusi huo, basi wanaikuza picha mpaka ijaze kioo, na kinachozidi juu na chini kinatupwa. Piga hesabu: ni takriban 23% ya kila fremu. Karibu robo ya picha imetupwa, kisha mteja anaambiwa ameuziwa ubora. Huo ni uharibifu, na sioni haja ya kuutafutia jina la upole.

Wapo wanaoutetea. Wanasema watazamaji hulalamika wakiona weusi pembeni, wakidhani runinga imeharibika. Wanasema kijana hatagusa filamu ya Kibengali yenye miaka 70 kama haifanani na vile alivyozoea. Wanasema pia kwamba mwenye haki za filamu ana hiari ya kuiuza atakavyo. Hoja mbili za kwanza zinajibiwa na maelezo ya mstari mmoja kabla filamu haijaanza. Ya tatu tumeshaona inakofika. Agosti 2025 kampuni ya Eros ilirudisha kwenye majumba ya sinema Raanjhanaa, filamu ya 2013, katika toleo la Kitamil, mwisho wake ukiwa umebadilishwa kwa akili mnemba ili shujaa aliyekufa afufuke. Mwongozaji Aanand L. Rai na mwigizaji Dhanush walilalamika hadharani, na wengi tuliwaunga mkono. Sasa mbona mkasi unapopita kwa Ray tunanyamaza?

Ila kinachoniumiza zaidi ni gharama iliyolipwa kuziokoa picha zenyewe.

Ray alifariki Aprili 1992, wiki chache baada ya kupewa Oscar ya heshima. Mikanda ya asili ya filamu zake ikapelekwa London ikarabatiwe. Julai 1993 maabara ya Henderson's, kusini mwa jiji hilo, ikashika moto. Mikanda ya filamu tatu za Apu ikaungua: Pather Panchali, Aparajito na Apur Sansar. Mingine ikawa majivu, mingine ikajikunja na kukauka kama gome. Yeyote angeitupa. Hifadhi ya Academy, ile inayotoa Oscar, kule Marekani haikuitupa. Iliiweka hivyo hivyo, ikiwa imeungua, kwa miaka 20.

Mwaka 2013 kampuni ya filamu ya Criterion na hifadhi hiyo wakaifungua. Mafundi wa L'Immagine Ritrovata, mjini Bologna, waliulowesha mkanda taratibu ili ulegee bila kuvunjika. Wakabandua gundi iliyoyeyuka. Wakayajenga upya matundu ya pembeni, yale yanayokamatwa na meno ya mashine mkanda unapopita, tundu baada ya tundu. Kazi ya mikono peke yake ilichukua karibu saa 1,000. Hatimaye takriban 40% ya Pather Panchali na zaidi ya 60% ya Aparajito zilitoka katika mkanda ule ule uliotoka motoni. Kwa Apur Sansar haikuwezekana. Ilibidi watumie nakala nyingine. Mwaka 2015 filamu zote tatu zilirudi kwa watazamaji, fremu nzima nzima.

Saa 1,000 za kuokoa fremu, halafu mtu anabofya kitufe na robo yake inakwenda! Moto ule ulikuwa ajali. Hii ni hiari ya mtu aliyeketi ofisini, na mbaya zaidi, anaifanya kwa kutumia jina la wale mafundi. Lile neno "imekarabatiwa" kwenye tangazo ni jasho lao.

Na kingo za picha kwa Ray hazikuwa mahali palipotokea tu kuishia. Kabla ya sinema alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo Calcutta, na hadithi ya Apu aliijua kwanza kwa kuchora picha za toleo lake fupi la watoto. Filamu hii hakuiandikia muswada kamili. Aliibeba katika daftari la michoro. Siku ya kwanza ya kazi, Oktoba 1952, alipiga sehemu ya watoto katika shamba la maua meupe ya kaash. Waliporudi kumalizia, ng'ombe walikuwa wameyala yote. Hakusogeza kamera apate pembe isiyohitaji maua. Alisubiri mpaka msimu mwingine yachanue tena. Mtu aliyengoja msimu mzima kwa ajili ya kilichomo ndani ya fremu hawezi kukatiwa fremu hiyo kwa sababu runinga imekuwa pana.

Sasa zamu ni ya Aranyer Din Ratri, filamu yake ya 1970. Imekarabatiwa na ikaonyeshwa katika tamasha la Cannes Mei 2025, mwigizaji wake Sharmila Tagore akiwa ukumbini. Ndani yake kuna mchezo wa kumbukumbu: watu sita wameketi duara chini ya miti, kila mmoja anataja jina la mtu maarufu baada ya kurudia yote yaliyotajwa kabla yake, na kamera inapita uso kwa uso, kimya kimya, ikisoma nani anampenda nani na nani anaogopa kushindwa. Kabla sijailipia nitaiuliza huduma yoyote itakayoileta nyumbani kwangu swali moja tu: fremu ni nzima? Wakishindwa kunijibu kwa maandishi, hela yangu haitoki.