Istilahi Bila Mfano
Kukariri ngeli na fasili za istilahi si kujua Kiswahili. Huko Bura, Kaunti ya Tana River, Mpokomo na Mworma huweza kuketi dawati moja. Kipokomo, lugha ya Kibantu, kina ngeli zinazokaribiana na za Kiswahili. Kiorma, lugha ya Kikushi, hakina mfumo huo. Kwa hiyo, marudio ya sarufi yaanze kwa ulinganishi, mmoja asihesabiwe mzembe kwa kukosa urithi wa mwenziwe.

Vivyo hivyo katika fasihi. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ilitokana na bembelezi ya Wapokomo. Mwanafunzi aisikilize kwanza, aulize huimbwa na nani, kwa nani, kwa nini. Ndipo apewe istilahi. Istilahi bila mfano ni jina lisilo na mwenyewe.