Walianza UPE, ikaja Vodafasta, sasa usaili

Makamanda, chawa wa mtandaoni wameukariri wimbo mmoja: elimu imeshuka kwa sababu walimu ni "vilaza". Hebu tuwekane sawa.

Nchi hii imevutana na falsafa mbili za kumwandaa mwalimu. Moja, ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, inasema mwalimu huivia kazini, pamoja na jamii anayoihudumia. Nyingine inasema ufaulu kwanza, mengine baadaye.

Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto aende shule, walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana wa darasa la saba, asubuhi wanafundisha, mchana wanasoma, miaka mitatu. Watani wakaiita UPE "Ualimu Pasipo Elimu". Sawa, darasa la saba ni darasa la saba, sibishi. Lakini walikuwa na masomo ya posta, vipindi vya redio na mkufunzi wa kuwafuata kijijini. Aliyenifundisha kusoma ni mmoja wao, na nilijua kusoma!

Miaka ya 2000 shule za kata zikachipuka kama uyoga. Kidato cha sita wakapigwa msasa wiki chache, chaki mkononi, haya darasani. Wananchi wakawabatiza Vodafasta. Hapo CCM ilichukua ile "kazini" ya Mwalimu Nyerere ikaacha miaka mitatu. Hiyo siyo falsafa, ni kiraka.

Halafu UDOM. Serikali yenyewe ilianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati, ikapanga yenyewe sifa za kujiunga. Mei 2016, wahadhiri walipogoma, wanafunzi zaidi ya 7,000 wakapewa saa 24 waondoke. Rais Magufuli akawaita vilaza. Wabunge wa upinzani walipotaka Bunge lijadili jambo hilo, wakakataliwa. Kwa hiyo mtoto anafukuzwa kwa vigezo alivyowekewa na anayemfukuza!

Mkadhani basi cheti ndiyo dili. Januari 2025 walimu wenye shahada zao, wengine wamemaliza chuo tangu 2015, wakaitwa kwenye usaili. Cheti nacho hakitoshi. Na yule aliyejitolea kufundisha miaka minne kwa nauli yake mwenyewe, naye akapange foleni.

Wakija kuomba kura mtaani kwenu, msiwaulize habari za madarasa waliyopaka rangi. Waulizeni mkufunzi wa kumfuata mwalimu mpya kijijini yuko kwenye bajeti ya mwaka gani.