Kifaa Kisafi Ni Nusu ya Uchunguzi

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa maradhi ambayo wataalamu wamekwisha kuyajua asili yake, mwendo wake na njia ya kuyazuia. Huletwa na virusi vya papiloma, viitwavyo kwa kifupi HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tangu kuambukizwa hadi saratani kujitokeza hupita, kwa mwanamke mwenye kinga imara, miaka 15 hadi 20. Maradhi yenye kutupa muhula mrefu namna hiyo yangalipaswa kuwa haba. Lakini sivyo yalivyo. Katika mwaka 2020 pekee yaligundulika kwa wanawake wapatao 604,000 duniani, na wapatao 342,000 walifariki, wengi mno wakiwa wa nchi maskini. Hapa Tanzania ndiyo saratani inayowapata akina mama kuliko nyingine zote.

Katika mwaka huo huo wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuyatokomeza maradhi hayo, na likaweka malengo matatu ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15. Asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo madhubuti wanapofika miaka 35, na tena wanapofika 45. Na asilimia 90 ya watakaoonekana na dalili wapatiwe matibabu. Nchi yetu ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, chanjo ni ngao ya binti. Mama yake, ambaye alikwisha kuipita rika hiyo chanjo ilipofika, tegemeo lake ni uchunguzi.

Na katika uchunguzi huo ndimo lilimo jambo tunalotaka kulileta leo mbele ya wananchi na mbele ya wakuu wa Serikali. Tunazungumza mara nyingi juu ya idadi ya akina mama waliopimwa. Ni mara chache tunapozungumza juu ya ndoo, mabomba ya maji, glavu na dawa za kuulia vijidudu, ambavyo bila ya hivyo upimaji hauwezi kuwa salama wala kuaminika.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba uchunguzi wenyewe si jambo la kubahatisha. Daktari Papanicolaou, mzaliwa wa kisiwa cha Evia huko Ugiriki, aliwaonesha wenzake katika miaka ya 1940 kwamba chembe zilizokwanguliwa kutoka mlango wa kizazi huonesha mabadiliko kabla saratani haijaota. Kipimo chake kiliokoa maisha ya wengi katika nchi tajiri, lakini chahitaji maabara na wataalamu wa kusoma vioo. Ndipo ikatafutwa njia nyepesi zaidi. Mlango wa kizazi hupakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, na sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe mbele ya macho ya muuguzi. Huko Mumbai, India, utafiti uliohusisha wanawake wapatao 150,000 ulionesha, matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2013, kwamba upimaji huo wa siki, uliofanywa na wafanyakazi wa afya wa ngazi ya chini waliofundishwa vyema, ulipunguza vifo kwa asilimia 31. Kabla ya hapo, mwaka 2009, utafiti mwingine wa India katika wilaya ya Osmanabad ulionesha kwamba kipimo cha HPV kikifanywa hata mara moja tu hupunguza vifo kwa karibu nusu.

Sasa basi, upimaji wa siki, sawa na ule wa Papanicolaou, hauwezi kufanyika bila ya kifaa kinachoingizwa mwilini ili mlango wa kizazi uonekane. Kikiwa cha chuma, kifaa hicho hutoka kwa mama mmoja na baadaye kikatumika kwa mwingine. Hapa ndipo usafi unapokuwa ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Virusi vya HPV si vyepesi kuvitoa. Havina ule utando wa mafuta unaovizunguka virusi vingi vingine, na kwa sababu hiyo spiriti haiaminiki juu yao. Mwaka 2014 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walitangaza kwamba hata glutaraldehaidi na dawa ya jamii yake iitwayo OPA, ambazo hospitali nyingi za dunia zilizitegemea, hazikuviua virusi vya aina ya 16 katika majaribio yao, ilhali klorini iliviua. Habari hiyo ilizusha wasiwasi mkubwa. Mwaka 2021 watafiti wengine walipima upya kwa njia tofauti, wakaona kwamba OPA nayo huviua. Wataalamu wanapohitilafiana namna hiyo, mwananchi hana sababu ya kubabaika wala kuikimbia zahanati. Funzo la mabishano hayo ni jepesi: tusiiweke imani yetu yote katika chupa. Kuosha kifaa kwa sabuni, maji na brashi mpaka uchafu wote utoke ndio msingi. Kisha kwa kifaa cha chuma hapana kinachoupita mvuke wa moto, nyuzi 121 kwa muda wa dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa. Mvuke hauna mabishano.

Kwa miaka mingi wauguzi wetu walifundishwa kwamba kifaa kikitoka kwa mgonjwa kitumbukizwe kwanza katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi, ndipo kioshwe. Mwaka 2016 miongozo ya Shirika la Afya Duniani ililikataza jambo hilo, na sababu zake ni za kueleweka. Damu na ute huila nguvu ya klorini, chuma huliwa na kutu, na mvuke wa dawa humdhuru anayeinamia ndoo siku nzima. Tunauliza, bila ya kumlaumu mtu yeyote: je, maelekezo hayo mapya yamefika katika kila kituo cha Unguja na Pemba? Na je, yamemfikia yule mhudumu anayeosha vifaa, ambaye mara nyingi haitwi katika semina yoyote?

Mhudumu huyo anastahili kutazamwa kwa jicho la huruma na la haki. Glutaraldehaidi huwasha macho na ngozi, na kwa baadhi ya watu huleta pumu ya kudumu. Klorini nayo huchoma. Kubwa kuliko yote, katika chumba cha upimaji wa siki zimo chupa mbili zisizopaswa kukutana kamwe. Siki ikimwagikia maji ya jiki hutoka gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumiwa kuwaulia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Katika chumba kidogo chenye dirisha moja, kosa dogo la aliyechoka laweza kuwa msiba. Asidi yenyewe nayo, ikifika kituoni ikiwa kali na isichanganywe na maji kwa kipimo chake, humuunguza mama aliyekuja kutafuta salama.

Kuna na suala la vipimo. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili ipatikane asilimia 0.5. Jiki ya asilimia 5 yataka sehemu tisa za maji. Chupa hizo huweza kukaa pamoja juu ya rafu moja, na asiyesoma kibandiko atafanya dawa kali ya kuchoma au maji matupu yenye harufu. Tena klorini hupotewa na nguvu zake kwa joto na kwa jua, vitu ambavyo visiwa vyetu havikunyimwa. Iliyochanganywa jana si ya kutegemewa leo.

Hatuna budi pia kuligusa jambo ambalo watu huona haya kulisema. Wako akina mama wanaotumia dawa za kuulia vijidudu, au sabuni kali, kujiosha ndani ya uke wakidhani kwamba ndio usafi au ndiyo kinga ya maradhi. Desturi hii si ya Afrika pekee. Huko Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, dawa ya Lysol ilitangazwa magazetini kwa matumizi hayo hayo, na wapo waliounguzwa na waliopoteza maisha. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 13 za Afrika kusini ya Sahara, ulionesha kwamba wanawake waliojiosha ndani kwa sabuni waliambukizwa virusi vya ukimwi zaidi kuliko wasiofanya hivyo. Uke hujisafisha wenyewe. Maji safi kwa nje yatosha. Hapana dawa ya dukani inayoiondoa HPV mwilini, na anayeahidi hivyo anauza uongo.

Kutokana na hayo tunatoa maoni yetu kwa wanaohusika. Kwanza, fedha za uchunguzi na fedha za usafi wa vifaa ziwe fungu moja katika bajeti, isipangwe kampeni ya upimaji mahali pasipo na maji, glavu, aproni, miwani ya kukinga macho na mashine ya mvuke inayofanya kazi. Pili, mafunzo yamhusu kila anayegusa vifaa, kuanzia daktari mpaka mhudumu, na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Tatu, nguvu za dawa zipimwe mara kwa mara. Pemba inayo maabara ya afya ya jamii huko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Kazi ya namna hii yaweza kuanzia nyumbani. Nne, kipimo cha HPV ambacho mama huweza kujichukulia sampuli yeye mwenyewe kwa kijiti cha pamba kinachotupwa, na ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021, kipewe nafasi kubwa zaidi. Kinapunguza aibu, na kinapunguza idadi ya vifaa vya kuoshwa.

Watasema wengine kwamba hayo ni gharama. Ni kweli. Lakini gharama ya kuchelewa tunaijua. Kwa miaka mingi mgonjwa wa visiwani aliyehitaji mionzi amelazimika kuvuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akiwaacha watoto na kazi nyuma yake, na mara nyingi akiwa amekwisha kuchelewa. Nauli, malazi na machozi ya safari hiyo hayaandikwi katika bajeti ya mtu yeyote, ila hulipwa. Visiwa vyenye watu 1,889,773, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, si nchi kubwa ya kushindwa kumfikia kila mama.

Kwa akina mama tunasema: mwanamke aliyefika miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya ukimwi, asingoje maumivu, kwani maumivu huja mwisho. Aende akapimwe, na asione haya kumuuliza muuguzi kifaa chake kimesafishwa vipi. Muuguzi aliyefanya kazi yake hatakasirika kuulizwa. Kwa akina baba tunasema: ruhusa na nauli mtakayoitoa leo ni ndogo kuliko mtakayoitafuta kesho. Wahenga walinena, mficha maradhi kilio humfichua.

Mama anayekubali kulala juu ya kitanda cha uchunguzi amekwisha kuishinda hofu na haya. Akitendewa kwa usafi na heshima, atarudi, na atawaambia jirani zake. Akitoka ameungua, au akisikia kwamba vifaa havikuwa salama, hatarudi, na mtaa mzima hautakwenda. Asilimia 70 tuliyoahidi haitapatikana kwa hotuba. Itapatikana kituo kwa kituo, kwa vifaa vilivyooshwa na mikono iliyofundishwa, na wajibu wa kuhakikisha hivyo ni wa Serikali kwanza, kisha ni wetu sote.