Mstari ni shahidi wetu, usifichwe ndani ya telefoni



Leo siandiki juu ya mapigano. Naandika juu ya mstari: ule wa maji, ule wa unga, ule wa kujiandikisha, ule wa kuonana na muganga. Mama aliyekimbia vita na kuishi chini ya hema hutumia sehemu kubwa ya siku yake akiwa amesimama nyuma ya mtu mwingine. Na sasa kuna wazo linalozunguka katika mazungumzo yetu, hasa kwa vijana: tuachane na mstari wa kusimama. Kila mtu apate nafasi yake kwa telefoni, abaki nyumbani, angoje ujumbe wa kumwita.

Mimi nasema hapana, si hivyo. Nitaeleza sababu, na nitasema pia tufanye nini, maana kukataa bila kuonyesha njia ni kazi rahisi.

Kwanza tuwape haki yao wanaotaka mstari uishe. Mstari wa hapa kwetu unaumiza. Wenyeji wa Lac Vert wanajua mazuku: hewa nzito ya volkano, haionekani wala hainuki, inatuama mabondeni na katika mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Inaua kuku, inaua mbuzi, inaua watoto kwa sababu mtoto yuko karibu na ardhi. Mama anayetoka saa kumi ya usiku kuwahi robine, mtoto akimfuata kwa miguu nyuma, anapita katika mabonde hayo hayo.

Tena kuna wabaya wa gizani. Kati ya tarehe 17 na 30 Aprili 2023, Médecins Sans Frontières walihudumia wanawake zaidi ya 670 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika kambi za pembeni ya Goma. Majuma mawili tu. Wengi walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni na chakula. Na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu wetu, wengi wao wanawake na watoto. Tangu siku ile, kila penye watu wengi waliosimama pamoja moyo unapiga.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba napenda mstari. Ninachouliza ni hiki: tukiuondoa, tunauweka wapi?

Kijana mmoja aliniambia tukiwa kwenye kibanda cha kuchaji telefoni: «Papa, hata Disney kule Marekani watu hawasimami tena mstarini. Wanabonyeza telefoni tu. Sisi tutabaki nyuma mpaka lini?» Nilimjibu kwamba mfano huo ni mzuri, lakini tuusome mpaka mwisho.

Disney wana viwanja vikubwa vya michezo. Watu wanalipa kuingia, kisha wanapanda vigari vinavyopaa na kuzunguka, na kila mchezo una mstari wake. Mwaka 1999 walianzisha utaratibu walioupa jina FastPass. Unaingiza tiketi yako katika mashine, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi. Unakwenda kula, unatembeza watoto, saa ikifika unarudi na kupita. Ulikuwa bure. Sikilizeni vizuri: ulianza kwa karatasi, na ulikuwa bure.

Baadaye utaratibu ukahamia katika telefoni. Desemba 2019 wakafungua mchezo wa Star Wars ambao nafasi yake ilitolewa kwa telefoni asubuhi. Nafasi za siku nzima zilikuwa zinakwisha kwa dakika chache, na kuna siku zilikwisha kwa sekunde. Mwenye telefoni nzuri na mtandao wa haraka alipata. Mwenye telefoni nzito alisoma tu kwamba zimekwisha. Halafu Oktoba 2021, mahali pa FastPass ya bure pakachukuliwa na utaratibu wa kulipia: kule Florida ilianza kwa dola 15 kwa mtu mmoja, kwa siku moja.

Basi tangu 1999 mpaka 2021 nafasi ilitoka katika karatasi ikaingia katika telefoni, ikatoka katika bure ikaingia katika biashara. Na kule aliyekosa nafasi ya mchezo ule wa Star Wars alikosa mchezo. Aliwanunulia watoto vitu vitamu, akarudi hotelini. Huku kwetu aliyekosa nafasi anachota maji ya ziwa na kuwanywesha watoto. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa maana ya maji mabaya. Mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi wa Rwanda, Mugunga ikiwa mojawapo, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu.

Sasa tuangalie telefoni zetu wenyewe. Katika hema moja mara nyingi kuna telefoni moja, na pengine ni ya baba, na baba amekwenda mjini kutafuta kibarua. Wengine walikimbia usiku, telefoni ikabaki Masisi au Rutshuru. Wengine wana kadi iliyoandikishwa kwa jina la shemeji. Ili moto uingie katika betri unalipa kibandani, na mwenye kuchagua kati ya kuchaji na kununua sombe atachagua sombe. Ujumbe ukija kwa Kifaransa, koko asiyesoma atautafsiriwa na nani? Na ukija saa mbili asubuhi wakati telefoni imezimika, nafasi yake imekwenda, na hakuna hata mtu wa kumlalamikia. Telefoni haina uso.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko zote hizo. Hata kama kesho kila mama angepewa telefoni yenye betri iliyojaa, bado ningekataa.

Mashirika ya misaada yana kanuni zao wenyewe, zinaitwa Sphere. Zinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, robine moja isihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asingoje zaidi ya dakika 30. Pigeni hesabu. Jamaa ya watu 6 inahitaji lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Mwenye kurudi na bidoni mbili baada ya kungoja tangu alfajiri anajua mwenyewe kama kanuni hizo zinafuatwa.

Mstari mrefu ndio unaosema ukweli huo bila kufungua kinywa. Mgeni akishuka garini na kukuta bidoni za njano zimepangwa mpaka zinapinda kwenye kona, hawezi kuandika katika ripoti yake kwamba maji yanatosha. Mpiga picha ataziona. Mkubwa akipita ataziona. Mstari ni shahidi wetu. Ukiuingiza ndani ya telefoni, robine haiongezeki hata moja, lakini shahidi amefichwa. Mgeni atakuta uwanja mweupe, ndege wanaruka, robine imetulia, atasema: hapa mambo ni mazuri. Kumbe watu mia tatu wako chini ya mahema wanaangalia kioo cha telefoni, koo zimekauka.

Na mstari unaoonekana unalindwa na macho ya watu. Angalieni bidoni zetu. Nani alisema sisi hatujui kungoja bila kusimama? Tangu zamani mama wa Goma anaweka bidoni yake mstarini, imefungwa kitambaa au imeandikwa jina kwa rangi, halafu anakwenda kupika. Bidoni inasimama kwa niaba yake. Nafasi inabaki yake hata kama mwili wake uko mahali pengine. Huo ndio utaratibu ambao Disney walinunulia mashine, sisi tunaufanya kwa plastiki. Na mtu akijaribu kusogeza bidoni yake mbele, mama kumi watapiga kelele kabla hajasimama wima. Katika telefoni, nani atapiga kelele? Anayeshika orodha atamtanguliza ndugu yake, nasi hatutajua.

Wako watakaonijibu: hata jetoni za karatasi zinaibwa, hata orodha za karatasi zina majina ya watu wasiokuwako, na kuna wenye kuuza nafasi. Ni kweli, nisifunike. Tumeona jetoni zikiuzwa, tumesikia majina yakiitwa na hakuna anayeitika. Lakini angalia namna tulivyojua: jina liliitwa kwa sauti, watu wakatazamana, wakasema huyo hatumfahamu. Wizi wa hadharani una siku yake ya kukamatwa. Wizi wa ndani ya mashine unakaa mpaka mradi unakwisha.

Basi tunataka nini?

Tunataka saa, siyo telefoni. Kila bloku ipewe saa yake ya maji na siku yake ya unga, na jetoni iandikwe saa hiyo kwa Kiswahili na kwa picha ya jua, ili asiyesoma ajue. Saa ya kwanza ianze jua likiisha kutoka, mazuku ikiwa imetawanyika na njia inaonekana. Orodha ibandikwe ubaoni siku moja kabla, isomwe kwa megafoni, na sisi wa redio tuko tayari kuisoma. Mjamzito, mlemavu na mzee wawe na robine yao au saa yao, isiwe huruma ya anayesimamia. Wanaochunga orodha wawe wawili, na mmoja awe mama aliyechaguliwa na bloku yake. Mwenye telefoni akitumiwa ujumbe wa kumkumbusha, vizuri, tutashukuru. Lakini telefoni ikumbushe tu. Isiwe yenyewe ndiyo mlango.

Na juu ya yote, robine ziongezwe. Hakuna namna ya kupanga watu itakayozaa maji.

Kwa ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: mkitaka kujua kama utaratibu wenu mpya ni mzuri, msiulize mashine ni ujumbe mangapi umetuma. Njooni saa kumi na moja za asubuhi, msimame karibu na robine, mhesabu bidoni.

Na kwako mama wa Lac Vert: siku watakayokuja kukuandika namba ya telefoni, iandikishe kama unayo. Kisha uulize mbele ya wote, kwa sauti, kama yule jirani asiye na telefoni ataitwa namna gani. Usiondoke mpaka wamejibu.